Aliyefuatwa Anasemaje?

Assalaam alaykum warahmatullah, ndugu zangu.

Dada zetu wa darasa la Langoni, hapa Lamu, wameniuliza kama kuna ubaya kusikiliza vile vitabu vya sauti vya Kizungu, vya mapenzi yaliyopindukia mpaka damu ikamwagika. Wanavisikiliza wakishona kofia. Kofia ya vitobo yataka macho na vidole, masikio hayana kazi. Basi eafoni iko sikioni, sindano inazunguka kitobo, na bwana mmoja ananong'ona kutwa nzima jinsi anavyompenda binti ambaye hata jina lake amelijua kwa kupekua barua zake. Mimi si mufti, fatwa mtaitafuta kwa wenyewe. Ninalotaka tulitafakari ni huo mnong'ono.

Nyingi ya hadithi hizi husimuliwa na huyo huyo aliyeshikwa na mapenzi. Yeye ni "mimi", binti ni "wewe", na msikilizaji hana jicho jingine la kuonea. Binti akicheka, amekubali. Akinyamaza, ni haya. Akisema hapana, anampima. Sauti ya msomaji ni nzuri, ya upole, tena iko ndani ya sikio lako. Hujakaa sana unajikuta unamwombea bwana yule asishikwe! Mwaka 1921 daktari wa Kifaransa, Clérambault, aliandika juu ya wagonjwa wa namna hii: mtu anaamini kabisa kwamba fulani, mara nyingi mwenye cheo kumzidi, ndiye anayempenda, na kila akikanushwa huona ni mapenzi yanayofichwa. Hakuna jibu litakalomtosha, maana majibu yote kwake ni ndiyo.

Qur'ani haikuona haya kulitaja jambo hili. Katika Suratu Yusuf mke wa Mheshimiwa, yule mkubwa wa Misri ambaye Yusuf (a.s.) alikaa nyumbani kwake, anafunga milango akimtaka Yusuf, na mapenzi yamempenya moyo mpaka wanawake wa mjini wanamsema. Angalieni nani aliyetangulia kusema pale mlangoni, mume alipotokea: ni yeye, akidai kwamba ndiye aliyetakiwa ubaya. Lau tungeachiwa kauli yake peke yake, tungekuwa na kitabu cha kusikiliza kama hivyo vya dada zetu. Lakini Yusuf (a.s.) naye anasema, shahidi wa jamaa za mwanamke anasema, na kanzu iliyochanwa nyuma inasema. Mwisho, aya ya 51, mwanamke mwenyewe anakiri.

Hata hivyo kisa kinachonigusa zaidi ni cha Mughith na Barira, kwa sababu hakina mtu mbaya. Barira alikuwa mtumwa, Bi Aisha (r.a.) akamnunua akamwacha huru, na kwa uhuru ule akapewa hiari ya kubaki na mumewe, Mughith, au kumwacha. Akamwacha. Swahaba Ibn Abbas anasimulia, na Bukhari amepokea katika kitabu chake cha Hadithi, kwamba ni kama anamwona Mughith akizunguka nyuma ya Barira analia, machozi yanatiririka ndevuni. Mtume (s.a.w.) akamhurumia, akamwambia Barira: lau ungemrudia. Akauliza: wewe Mtume waniamuru? Akajibiwa: hapana, naombea tu. Akasema: basi sina haja naye. Yakaishia hapo. Machozi yalikuwa ya kweli, mwombezi ni mbora wa viumbe, na bado neno la Barira likasimama.

Sisi je? Vichochoro vya mui wetu, punda akipita mwabanana ukutani. Binti anayefuatwa hana upande wa pili wa kuvukia. Na barazani watu wasema, "Maskini, kijana amependa." Wazee wanakwenda kwa babake binti mara ya kwanza, ni uombezi. Wakirudi mara ya nne na jibu ni lile lile, mimi naona hapo uombezi umeshakuwa amri. Sheria ya Kenya ya 2015 ya kuzuia dhuluma za nyumbani imetaja wazi kumwandama mtu kuwa ni dhuluma, na mahakama yaweza kumzuia mwandamaji. Ibn al-Qayyim, mwanachuoni wa zamani, naye aliiandika ishki, yaani mapenzi yaliyopindukia, kuwa ni maradhi ya moyo yenye tiba: ndoa ikiwa kuna njia ya halali, na kama hakuna, nafsi ikatishwe tamaa. Hilo la kukatisha tamaa ndilo tunalowanyima vijana wetu kwa huruma zetu.

Basi dada zangu, atakayesikiliza, kila mlango wa kitabu ukiisha atoe eafoni amsimulie mwenzake anayeshona naye, lakini kwa kinywa cha binti. Na kama anayewafuata hayumo kitabuni, bali yuko njiani mkitoka madrasa, mwambieni mama siku hiyo hiyo. Akipuuza, njooni kwetu walimu, tutakwenda nanyi polisi.