Jinsi nilivyojifunza kumrudisha Ness jukwaani

Kwa miezi mitatu sikumshinda binamu yangu hata mechi moja ya gemu ya video, na karibu kila mara nilikufa vilevile: nikiwa nje ya jukwaa, umeme wangu mwenyewe ukiishia kwenye ndoo yake.

Gemu yenyewe ni Super Smash Bros. Ultimate, gemu ya mapigano iliyotoka Desemba 2018 kwa ajili ya mashine ya Nintendo Switch. Hapa Kisumu ukisema unacheza gemu watu hudhani ni mpira kwenye PlayStation, kwa hiyo wa kucheza naye hii huwapati ovyo. Switch yetu ililetwa likizo na shangazi yake binamu, ambaye kwangu ni mama mdogo, akitoka Uingereza, na ikabaki kwao Migosi. Kati ya wahusika wa gemu, binamu alichukua Mr. Game & Watch. Mimi nilimpenda Ness tangu siku ya kwanza, yule kijana wa kofia na mkoba mgongoni, na sikumwacha hata nilipoambiwa nitafute anayerudi kirahisi.

Kwa asiyeijua: humu mtu hafi kwa kuishiwa nguvu. Ukipigwa, asilimia zako zinapanda, na kadiri zinavyopanda ndivyo unavyorushwa mbali zaidi, hadi siku yako ya kuvuka mpaka wa skrini. Anayejua kurudi jukwaani anaishi. Wengi hurudi kwa kubonyeza tu: wanapaa, wanashika ukingo, basi. Ness hana starehe hiyo. Anatoa mpira wa umeme, PK Thunder, unaouongoza kwa analogi, kile kijiti cha kidole gumba kwenye pedi, mpaka umpige yeye mwenyewe, na pigo hilo ndilo linalomrusha kama roketi. Mpira ukigusa ukuta, unapotea. Adui akiuingilia kwa mwili wake, unapotea. Lucas, anayefanana naye, ana nafuu: umeme wake unapita katikati ya maadui, tena ana kamba ya kushikia ukingo. Na Mr. Game & Watch ana ndoo inayonyonya silaha za nishati; akijaza mara tatu anakumwagia zote kwa mpigo. Binamu alikuwa akiijaza kwa umeme wangu, ananimwagia mimi.

Kosa langu la kwanza halikuhusu umeme kabisa. Nilikuwa na woga. Nikirushwa tu, nilitumia ruko la pili, lile la kuruka tena ukiwa hewani, papo hapo, kisha nikawa nafuata njia moja ambayo hata mtoto angeisoma. Binamu ndiye aliyeniambia, bila hila yoyote: “Omera, mbona unaruka mapema hivyo? Nakungoja tu pale.” Ruko la pili ni mali. Ukipigwa tena hewani, unarudishiwa umeme, lakini ruko ulilokwisha kulitumia halirudi mpaka uguse jukwaa au ushike ukingo. Nikaanza kuanguka nalo mkononi, moyo ukidunda, nikilitumia pale tu ninapohitaji urefu au kumkwepa anayekuja. Hilo peke yake liliniongezea uhai kuliko mazoezi yote yaliyofuata.

Halafu mzunguko wa mpira wa umeme. Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo nilipohangaika zaidi. Mwelekeo wa kurushwa unatokana na upande ambao mpira umekupiga: ukikupiga mgongoni unakwenda mbele, ukikupiga kutoka chini unapanda. Basi tuseme jukwaa liko kulia na juu yangu. Mpira unatokea juu ya kichwa. Mwanzoni niliupeleka kulia, upande wa jukwaa, kwa sababu ndiko macho yangu yalikotaka kwenda, na ukajigonga kwenye ukuta. Njia sahihi ni kuuvuta kushoto, mbali na jukwaa, kuushusha, kisha kuuingiza kutoka chini kushoto, ndipo upae kuelekea juu kulia. Analogi nayo usiigeuze kwa ghafla. Mpira haukati kona, unapinda, kwa hiyo kidole kizunguke mviringo mzima kama unasonga ugali kwenye sufuria ndogo. Mviringo ukiwa mpana unakuchelewesha na unaendelea kuanguka. Ukiwa mwembamba mno, mpira unakupita pembeni bila kukugusa.

Nilijifunza kwenye uwanja wa mazoezi, ambako unaweza kupunguza kasi hadi robo. Nikiwa robo, naona mpira unapopinda. Nikizoea, nusu. Kisha kasi kamili, mara kumi upande wa kushoto, mara kumi wa kulia, maana vidole havijui kugeuza somo vyenyewe. Stima ikipotea jioni, runinga inazima lakini Switch inaendelea kwa betri, nami nilikaa nayo mlangoni kwenye upepo hadi ianze kuonya. Mzunguko wa kulia ulichukua wiki mbili zaidi ya wa kushoto.

Kuhusu ukuta nitasema machache. Ness akiruka kama roketi na kuugonga uso kwa uso, anadunda na kuporomoka. Akiugusa kwa mshazari anateleza nao kwenda juu. Kwa hiyo ukiwa chini ya ukingo, lenga wima kuliko kujitupa jukwaani. Na adui akikupiga ukiwa umebanwa ukutani, bonyeza kitufe cha kujikinga kabla tu ya kugonga, ujishikize. Nafasi ya kubonyeza ni fremu 11, yaani picha 11 za skrini, na gemu hupita fremu 60 kwa sekunde. Kubonyezabonyeza ovyo hakusaidii, nafasi hiyo inajifunga kwa muda.

Kilichobaki ni ndoo. Niliacha kutazama Ness wangu, nikatazama miguu ya binamu. Akibaki ukingoni, nilianzia juu kabisa, mbali na ndoo yake. Akiruka kunifuata, nilikwepa hewani nikashika ukingo bila umeme wowote. Akishuka chini kabisa kunisubiri, nilichelewesha, kwa kuwa naye lazima arudi.

Jumapili moja, kila mmoja wetu akibakiwa na uhai mmoja, mimi kwenye asilimia 130, alinirusha kushoto. Nilianguka na ruko langu mkononi hadi chini ya jukwaa. Akanifuata, ndoo wazi. Nikaruka, akaishusha ndoo bure, na wakati akipanda kurudi nikauzungusha mpira nyuma ya mgongo wangu. Ness akampiga akiwa bado hewani, na mhusika wa binamu akavuka skrini.

Binamu aliweka pedi mezani, akanyamaza kidogo. “Huo mviringo,” akasema, “nionyeshe polepole.” Nikafungua uwanja wa mazoezi, nikaweka kasi ya robo.