Pikapu imelala chini, hatimaye

Jamani, nimetoka gereji sasa hivi. Pikapu yangu ndogo imeshushwa, sasa iko karibu na ardhi!

Nyuma, ekseli iliyokuwa chini ya springi sasa imekaa juu yake. Yuboti (boliti za umbo la U zinazoifunga ekseli kwenye springi) zote mpya, maana za zamani zikishakazwa huwa zimevutika. Mbele ni springi fupi na shokapu zake, basi.

Ila kilichonishika ni kivalvu kidogo cha breki kule nyuma.

Kina mkono unaopima fremu imeikaribia ekseli kiasi gani. Ukishusha gari, chenyewe kinadhani umepakia mzigo, kinazidisha nguvu ya breki nyuma.

Pikapu tupu, barabara imelowa, unakanyaga breki... tairi za nyuma zinajifunga, gari linaserereka.

Fundi alilala chini ya gari muda mrefu akiurekebisha ule mkono. Mimi namshikia tochi, roho juu, nataka tu kuliona limesimama. (Subira sijajaliwa.)

Kesho alaimenti (kunyoosha magurudumu), na taa za mbele zielekezwe upya.

Kubeba mizigo mizito ndiyo basi tena. Wa kununa nyumbani wameshanuna.

Nyie mlioshusha zenu, kwenye matuta mnapitaje? Semeni!