Rangi ya mafuta haitibu ukuta wenye unyevu

Kila aliyeuona ukuta wa nyuma wa nyumba yetu hapa Mwanga, Kigoma, alitoa ushauri uleule: upakwe rangi ya mafuta, kwa kuwa haipitishi maji. Ni kweli haipitishi, na hapo ndipo tatizo lilipo. Matofali ya kuchoma hunyonya maji ya ardhini na kuyapandisha juu, na ukuta ukizibwa kwa ndani, maji hayo hukosa pa kutokea. Fundi alipaka wakati wa kiangazi, ukuta ukang'aa, akalipwa. Mvua za Novemba zilipokolea, rangi ikatoa malengelenge usawa wa goti. Ukiyabonyeza yanapasuka na kutoa maji, na nyuma yake lipu ilikuwa imegeuka unga uliochanganyika na chumvi nyeupe. Fundi yuleyule akaniambia, "Mama, tuongeze mkono mmoja tu wa rangi." Nilikataa.

Wengine walishikilia kuwa huo ni mvuke wa chumbani, eti kwa sababu madirisha hufungwa mapema. Nilikata kipande cha nailoni nene, nikakibandika mahali palipokwanguliwa, nikaziba kingo zote nne kwa selotepu pana bila kuacha hata tundu la sindano, kisha nikakiacha kwa siku kadhaa. Unyevu ukiwa wa hewa ya chumba, matone hujikusanya juu ya nailoni, upande unaotutazama. Ukiwa unatoka ukutani, hujikusanya nyuma yake. Nilipokibandua, upande wa chumbani ulikuwa mkavu kabisa, ilhali ule wa ukutani ulikuwa umelowa hata matone yakanitiririkia kiganjani. Mabishano yakaishia hapo. Namsihi kila mwenye nyumba afanye jaribio hili kabla ya kununua ndoo ya rangi.

Nyumba yetu iko kwenye mteremko, na udongo ulioporomoka kwa miaka mingi ulikuwa umeuegemea ukuta na kupita usawa wa jamvi, yaani zege la sakafu. Bati nalo halikuwa na gata, kwa hiyo maji yote ya paa yaliangukia papo hapo. Tuliuchimba udongo hadi chini ya usawa wa jamvi, tukajenga mfereji wa saruji unaopeleka maji mbali na nyumba, tukafunga gata. Kazi hiyo ndiyo iliyokula laki kadhaa. Rangi ilikuwa gharama ndogo tu.

Lipu iliyooza tuliibandua hadi kama nusu mita juu ya alama ya unyevu, na chumvi tukaisugua kwa brashi kavu ya waya, kwa sababu ukiiosha kwa maji huyeyuka na kurudi ndani ya ukuta. Baada ya hapo ukuta ulikaa wazi kiangazi chote, huku nikihimizwa nipige lipu mapema. Usikubali kuharakishwa: wajenzi wa zamani hukadiria mwezi mmoja wa kukauka kwa kila inchi ya unene wa ukuta. Lipu mpya tuliipaka rangi ya maji, ambayo huruhusu unyevu uliobaki kutoka.

Msimu wa mvua uliofuata ulipita bila lengelenge hata moja. Doa dogo la ukungu lilijitokeza nyuma ya kabati tu, ambako hewa ilikuwa haipiti. Nililifuta, nikalisogeza kabati upana wa kiganja kutoka ukutani, na halijarudi.