238, 477, 715

Juzi kijana mmoja wa ofisini alinitumia vipimo vya muda vya programu yake, kwa nanosekunde (sehemu moja ya bilioni ya sekunde), vikiwa na swali fupi chini yake: "Kaka, mbona namba zinajirudia?" Nikatazama. 238, 477, 715, 954. Mwili ulinisisimka, maana mimi na namba hizo tulishakutana.

Ilikuwa enzi za mradi wa foleni ya ujumbe kati ya programu. Maktaba yetu ya kusoma saa, yaani msimbo ambao programu nyingine huuita, tuliyoirithi, ilitakiwa kufanya kazi kwenye Linux na Windows bila kugusa msimbo wa programu zinazoiita. Kila aliyeuliza saa alijibiwa vilevile: sekunde, kwa namba ya desimali ya biti 64. Unatoa ya kwanza kwenye ya pili, umepata muda uliopita. Hadi leo naona urembo katika hilo.

Ila Windows ilionekana butu. Ujumbe ulipita kwenye foleni kwa mikrosekunde chache tu, na Windows ikatupa nanosekunde 1907, 3815, 5722, au sifuri tupu. Mfumo endeshi ukalaumiwa vikaoni, mashine zikabadilishwa, huduma za nyuma zikazimwa, hakuna kilichosogea.

Kisha mchana mmoja mzee wa timu akavuta kiti, akaomba vipimo vya Linux, ambavyo hakuna aliyevishuku. Akavipanga kuanzia kidogo hadi kikubwa, akachukua kalamu, akaandika pembeni tofauti ya kila kimoja na kinachofuata. 239. 238. 239. Alipofika mwisho wa ukurasa hakuinua kichwa. "Saa haihesabu hivi," akasema. "Hizi ni nusu za nusu." Akaandika moja, akaigawa kwa mbili, akaigawa tena, akiweka alama kila mara, nami nikizihesabu kimoyomoyo. Kwenye alama ya ishirini na mbili akasimama: 0.000000238.

Akanieleza bila haraka. Desimali ya biti 64, yaani nafasi 64 za sifuri au moja, ina biti 53 za kubeba tarakimu. Linux huhesabu tangu 1 Januari 1970, na sekunde zilizopita tangu hapo, zaidi ya bilioni moja, zinakula biti 31. Vipande vya sekunde vinabakiwa na 22. Ni rula ambayo mistari yake inaachana kadiri unavyokwenda mbali na sifuri. Windows nayo huanza 1 Januari 1601. Sekunde zake zinakula biti 34, zinabaki 19, na hatua inakuwa nanosekunde 1907. Saa yenyewe ya Windows ilikuwa ikitoa namba kamili safi, kila hatua nanosekunde 100. Maktaba ndiyo iliyoigeuza kuwa desimali kabla ya kutoa chochote.

"Kwa hiyo Windows haina kosa?"

"Haina, mwanangu. Na sikiliza hili: hadi tarehe 10 Januari 2004, hatua ya Linux ilikuwa 119. Siku hiyo sekunde zilivuka mbili kipeo cha thelathini, hatua ikawa maradufu. Hakuna aliyegusa msimbo."

Hilo lilinikaa. Programu inapungua usahihi kwa sababu tu dunia imeendelea kuzeeka, na mwaka 2038 hatua itafika 477.

Marekebisho yalikuwa mepesi: namba kamili za biti 64 zinazohesabu nanosekunde, ambazo tangu 1970 zinatosha hadi mwaka 2262; toa kwanza, geuza baadaye; na muda uliopita usomwe kwenye saa isiyorudi nyuma, yaani CLOCK_MONOTONIC kwenye Linux na QueryPerformanceCounter kwenye Windows, kwa sababu saa ya kawaida inaweza kusogezwa katikati ya kipimo.

Bado sina uhakika kama sekunde za desimali zifutwe kabisa. Lugha ya programu ya Python iliongeza time_ns, inayotoa nanosekunde kwa namba kamili, katika toleo la 3.7, mwaka 2018, kwa sababu hiyohiyo, lakini ile ya zamani ya desimali ikabaki, na kwa kazi nyingi nanosekunde 238 si kitu. Kinachonisumbua ni kwamba jibu halisemi limepoteza nini. Ukiiuliza Linux kwa clock_getres utaambiwa hatua ya saa, pengine nanosekunde moja, na itakuwa kweli kabisa. Lakini clock_getres haijui kwamba mstari unaofuata wa programu unaigeuza saa hiyo kuwa desimali.