Kushuka Mara Nne Kabla ya Mwisho wa Reli

Mwanangu alikuwa na umri wa miezi 7 na uzito wa kilo 8 tulipoondoka Uholanzi mwezi Desemba kwenda Kigoma, ili bibi yake amshike kwa mikono yake mwenyewe baada ya kumwona kwenye simu tangu alipozaliwa. Baba yake hakupata likizo, kwa hiyo nilisafiri na mtoto peke yangu. Kwa wiki nyingi niliiogopa ndege ya kutoka Amsterdam kwa sababu ya urefu wa safari, maana ni takribani saa 8 angani kabla ya kuigusa ardhi ya Tanzania. Saa hizo, hata hivyo, zilipita kwa kunyonya, kulala na kutembezwa. Kilichomtesa mtoto ni ile nusu saa ya mwisho, ndege inapoanza kushuka, na kwa njia tuliyopita sisi nusu saa hiyo ilijirudia mara nne: Kilimanjaro, Dar es Salaam, Tabora, kisha Kigoma. Ninawaandikia akina mama wenzangu walioko ughaibuni ambao bado hawajafunga safari yao ya kwanza, kwa sababu jambo hili sikuambiwa na mtu.

Kabla ya kufika angani kuna karatasi, nazo zilituchukua muda mrefu kuliko nilivyodhani. Mtoto aliyezaliwa Uholanzi na wazazi wawili wa kigeni hawi raia wa huko kwa kuzaliwa tu. Huyu wetu ni Mtanzania kama sisi, kwa hiyo pasipoti yake tuliiomba kupitia ubalozi wetu ulioko The Hague. Mtoto, hata awe wa wiki moja, husafiri kwa pasipoti yake mwenyewe. Wengi hukumbuka pasipoti wakasahau kibali cha ukaazi cha mtoto, na pasipoti itamfikisha nyumbani lakini haitamrudisha Ulaya. Nilibeba pia barua ya ridhaa iliyotiwa saini na baba yake pamoja na nakala ya pasipoti ya baba huyo, na cheti cha kuzaliwa cha lugha nyingi kinachotolewa na manispaa, kwa sababu askari wa mpakani huko Uholanzi huweza kumuuliza mzazi anayetoka na mtoto peke yake kama mwenzake ameridhia. Aliniuliza kweli. Nilimpa barua, akaisoma mpaka mwisho, akamtazama mtoto, akatupitisha.

Kliniki nilikwenda miezi miwili kabla ya safari. Kwa ratiba ya Uholanzi mtoto hupewa chanjo ya kwanza ya surua akiwa na miezi 14, lakini anayesafiri anaweza kupewa dozi ya mapema kuanzia miezi 6, na wangu alipewa alipotimiza umri huo. Homa ya manjano haikutuhusu, kwa kuwa Tanzania hudai cheti kwa wasafiri wa umri wa mwaka 1 na kuendelea wanaotoka katika nchi zenye ugonjwa huo au waliokaa katika viwanja vya nchi hizo zaidi ya saa 12. Mnaounganisha ndege Addis Ababa au Nairobi na mtoto aliyekwisha kutimiza mwaka, hesabuni saa zenu vizuri.

Jambo lililonigusa zaidi lilikuwa malaria. Daktari aliandika dawa ya kinga kwa kuzingatia uzito wa mtoto, akanisisitizia kwamba nami niinywe, kwa kuwa kinga niliyojijengea utotoni imekwisha kufifia baada ya miaka ya kuishi mbali. Kigoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini, nasi tuliozaliwa huko tunaijua. Nilimpigia mama simu Ujiji.

“Mama, shikamoo.”

“Marahaba, mwanangu. Mjukuu wangu hajambo?”

“Hajambo, mama. Naomba utuwekee chandarua chenye dawa kabla hatujafika, tena kisiwe na tundu hata moja.”

Alinyamaza kidogo. “Wewe nimekulea hapa hapa.”

“Najua, mama. Mimi mwili wangu ulizoea. Wake haujawahi kuumwa na mbu wa Kigoma hata mmoja.”

Hakujibu neno, na niliogopa kwamba nimemkosea, kwamba amesikia ndani ya maneno yangu dharau kwa nyumba iliyonilea. Nililibeba wazo hilo mpaka uwanja wa ndege.

Kuhusu tiketi, mtoto wa chini ya miaka 2 anayekaa mapajani mwa mzazi hulipiwa katika safari nyingi za kimataifa takribani asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima. Nilipiga simu mapema kuomba kitanda kidogo cha mtoto, kile kinachofungwa kwenye ukuta mbele ya safu ya kwanza, kwa sababu vitanda hivyo ni vichache na mashirika mengi huweka ukomo wa kilo 10 au 11. Maziwa na chakula cha mtoto kwa ajili ya njiani huruhusiwa kupita ukaguzi hata yakizidi ule ujazo wa mililita 100 unaowabana wasafiri wengine, ila huenda ukatakiwa uyatoe na kuyaonyesha. Kigari tulikiacha kwenye mlango wa ndege. Mbeleko ilinifaa kuliko kigari, nayo ilikuwa kitenge tu cha mama alichonipa nilipoolewa, ingawa mhudumu alinieleza kwamba wakati wa kupaa na kutua mtoto hakai ndani ya mbeleko. Hukaa mapajani akiwa amefungwa kwa mkanda mdogo wa nyongeza unaopitishwa kwenye mkanda wa mama.

Sasa nifike kwenye kushuka. Ndege ikiwa juu sana, hewa ya ndani hupunguzwa mgandamizo hadi kufanana na ile ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400. Inapoanza kushuka, mgandamizo huongezeka tena, na ngoma ya sikio husukumwa kwa ndani mpaka hewa ipenye katika mrija mwembamba unaounganisha sikio la kati na koo. Mrija huo hufunguka mtu anapomeza mate au kupiga miayo. Wa mtoto ni mwembamba zaidi na umelala zaidi kuliko wetu, naye hajui kwamba akimeza atapata nafuu. Anachojua ni kulia. Kupaa si kugumu kiasi hicho, kwa sababu hewa hutoka kwa urahisi kuliko inavyoingia.

Mimi nilisikia mahali fulani kwamba mtoto anyonyeshwe ndege inaposhuka, nikadhani kwamba kumwahi ndiyo busara. Mara niliposikia rubani akitangaza kwamba tunakaribia Kilimanjaro, nilimwamsha mwanangu kutoka kitandani nikamnyonyesha. Ndege ilikuwa bado juu. Alinyonya akashiba, akaachia titi, na dakika kumi baadaye, ngoma za masikio yangu zilipoanza kuziba, alikuwa hataki tena kitu chochote. Alilia kilio ambacho sikuwahi kukisikia kwake, mikono ikiwa imeshika pande zote mbili za kichwa, na nilimfungia mkanda nikiwa nalia naye. Nilijaribu titi, chupa, kidole changu kilichooshwa, vyote akavitema. Alinyamaza tulipokuwa tumekwisha kugusa ardhi.

Abiria wa Kilimanjaro waliteremka, sisi wa Dar es Salaam tukabaki ndani. Katika saa ile ya kusubiri, mhudumu mmoja alikuja akachuchumaa mbele ya kiti changu, akaniambia kwamba nisubiri masikio yangu mwenyewe yanipe ishara: nikianza kuhisi haja ya kumeza mate, na mtoto anahisi hivyo hivyo, basi hapo ndipo nimpe, tena kidogo kidogo, nimpumzishe, nimpe tena, mpaka magurudumu yaguse chini. Alisema pia kwamba mtoto asiachwe alale usingizi mzito wakati wa kushuka, maana aliyelala humeza mara chache. Kutoka Kilimanjaro hadi Dar es Salaam ni safari fupi ya takribani saa moja. Nilimnyima titi kwa makusudi mpaka masikio yangu yalipoziba. Alinyonya kwa hasira ya njaa, na tulitua Dar es Salaam bila machozi.

Tulilala kwa shangazi Tabata, ambaye alishauri nighairi ndege nipande treni. Nampenda shangazi, na reli ile naipenda. Imefika Kigoma tangu mwaka 1914 na ndiyo iliyotupa jina la mwisho wa reli. Lakini ni zaidi ya kilomita 1,200, zaidi ya siku nzima na usiku wake, na kwa mama aliye peke yake na mtoto wa miezi 7 niliona ni mzigo. Mtu mwenye mwenzake wa kumpokea mtoto anaweza kuamua vingine, kwa sababu kwenye treni hakuna masikio yanayoziba.

Asubuhi, kwenye kaunta ya ndege za ndani, jina la mtoto halikuonekana. Wakala aliyenikatia tiketi hiyo alikuwa amechukua pesa zangu na nakala ya pasipoti ya mtoto, lakini hakumwingiza kwenye tiketi. Nilisimama kaunta karibu dakika 40, mtoto akiwa mgongoni na mchele wa shangazi miguuni, mpaka nikamlipia upya. Tiketi ya ndani ikikatwa peke yake, mbali na ile ya kimataifa, hakikisheni mnaliona jina la mtoto kwa macho yenu kabla ya siku ya safari. Vilevile pimeni mizigo, kwa kuwa kinachoruhusiwa kutoka Ulaya huwa kingi kuliko kinachoruhusiwa ndani ya nchi.

Ndege ya Kigoma siku ile ilikuwa ya mapangaboi, na ilipitia Tabora. Pembeni yangu aliketi mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa akirudi kwake Tabora baada ya kumuuguza mwanawe Muhimbili. Nilimwamkia, akaitikia, na kabla hatujapaa alikuwa amekwisha kumpakata mwanangu bila kuniuliza, kama inavyotendeka kwetu, jambo ambalo kwa miaka niliyoishi Uholanzi nilikuwa nimelisahau hata likanishtua. Kwa saa nzima mikono yangu ilikuwa mitupu kwa mara ya kwanza tangu Amsterdam. Nilikunywa chai ikiwa bado ya moto. Mawingu ya mvua za Desemba yalitutikisa, mtoto akacheka kila ndege ilipodunda, na yule mama akacheka naye.

Masikio yalipoanza kuziba juu ya Tabora nilimwomba anirudishie mtoto. “Bado mwache, hajaona njaa,” alisema. Nikamweleza habari ya masikio, akanisikiliza kwa makini, akanirudishia mtoto na kunifunika bega kwa khanga yake mwenyewe ili ninyonyeshe kwa sitara. Tulipotua alimgusa paji la uso, akasema, “Mungu akukuze, mjukuu wangu,” akashuka nikiwa bado nimejifunika khanga yake. Nilimwita. Akageuka mlangoni, akapunga mkono kuashiria nibaki nayo.

Kushuka kwa nne kulikuwa kwa kwetu. Kutoka Tabora misitu ya miombo hupita chini kwa muda mrefu, kisha milima, na ghafla ziwa. Mtoto alikuwa amenyonya muda mfupi uliopita, nikahofia kwamba tunarudia ya Kilimanjaro, kwa hiyo nilimpa maji kidogo ya uvuguvugu kwa kijiko, tone baada ya tone, akawa anameza kwa sababu ya kushangaa kijiko kuliko kiu. Alikuwa bado anameza tulipogusa ardhi ya Kigoma. Sikujua kwamba kijiko kinatosha, lakini siku ile kilitosha.

Mama alikuwa amesimama jua kali, amevaa doti mpya, na harufu ya dagaa ilikuwa hewani kama nilivyoiacha. Nilipiga goti nikamwamkia. Alimpokea mjukuu wake, akamgeuza huku na huku, akamsikiliza kifua kwa sikio lake, akamweka mgongoni na kumfunga kabla hajaniuliza habari za safari. Njiani kuelekea Ujiji hakusema lolote kuhusu yale mazungumzo yetu ya simu, nami sikuthubutu kuyaanzisha.

Chumbani alikuwa ametundika chandarua kipya juu ya kitanda changu cha usichana. Pindo zake zote nne alikuwa amezishonea ukanda wa kitambaa kizito, kwa mkono, ili ziweze kuchomekwa chini ya godoro zisichomoke mtoto akigeuka.

“Nimekikagua kwa tochi usiku,” alisema. “Ingia umlaze.”