Kwa njia ya Humboldt hadi Waterloo

Shingo yangu haigeuki kushoto. Nikitaka kuhama mstari barabarani lazima nigeuze kifua kizima, na mke wangu amekataa katakata kupanda gari nikiwa mimi dereva wa safari ndefu. Basi niliondoka Minneapolis peke yangu, alfajiri moja ya Julai, nikashika barabara kuu ya I-35 kwenda kusini.

Nilipigana mieleka ya kulipwa kwa miaka kadhaa Minnesota na Wisconsin, ile ya watu wasio na mkataba na kampuni kubwa. Tulipigana kwenye kumbi za maveterani, kwenye mabanda ya maonyesho ya kilimo, hata kwenye jengo la zimamoto ambalo magari yalitolewa nje ili ulingo uingie. Ukipigiwa simu unaenda, usipopigiwa unakaa nyumbani. Malipo yalikuwa bahasha, na mara nyingi bahasha haikujaza tangi la petroli, kwa hiyo unabaki baada ya onyesho ukiuza fulana zako mwenyewe mezani. Sasa naandika habari za mieleka hiyohiyo, na mapato, tusidanganyane, hayajapanda kiasi cha kumwambia mtu.

Safari hii nilikuwa nakwenda kuandika kuhusu jumba la makumbusho la Waterloo, Iowa, ambalo ndani yake mna ukumbi wa heshima wa wanamieleka wa kulipwa, unaoitwa kwa majina ya wanamieleka wa zamani George Tragos na Lou Thesz. Ningeweza kufika kwa saa tatu na ushee. Lakini ukishavuka mpaka wa Iowa kuna barabara namba 3 inayokata magharibi hadi mji mdogo wa Humboldt, na mwandishi wa mieleka anayepita karibu na Humboldt bila kuingia amekosa adabu.

Pande zote ni mahindi. Mahindi mpaka upeo wa macho, yamesimama mistari iliyonyooka, na huoni binadamu anayelima. Sisi wa Trans Nzoia tunaojisifu kwa mahindi tungenyamaza hapa. Nilifungua dirisha, joto likaingia, nikafunga.

Humboldt ndiko alikotoka Frank Gotch, bingwa wa dunia wa mieleka mwanzoni mwa karne iliyopita. Sanamu yake ya shaba imesimama katika bustani ya mji, na kaburi lake liko kwenye makaburi ya hapohapo. Alikufa Desemba 1917, akiwa bado kijana wa miaka arobaini. Aprili 3, 1908, kule Chicago, alimkabili George Hackenschmidt, mbabe kutoka Estonia aliyekuwa akitetemesha kumbi za Ulaya. Walishikana kwa saa mbili hivi mpaka Hackenschmidt akasalimu amri. Baadaye akalalamika kwamba mwenzake alikuwa amejipaka mafuta mwilini. Walirudiana Septemba 4, 1911, katika uwanja wa Comiskey Park, mbele ya watu karibu 30,000, na safari hii Gotch alishinda bila taabu kwa sababu Hackenschmidt aliingia ulingoni na goti bovu.

Hapo ndipo kazi yangu ya sasa inapoanza kuuma. Goti liliharibikaje? Lou Thesz aliandika kwenye kumbukumbu zake kwamba mwanamieleka Ad Santel alimwambia alilipwa dola 5,000 na upande wa Gotch ili amuumize Hackenschmidt mazoezini. Hackenschmidt mwenyewe alisema aliumia akifanya mazoezi na Dakta Benjamin Roller. Sasa tazama: Santel alikuwa mwanamieleka, Roller mwanamieleka, Thesz mwanamieleka, na sisi wanamieleka tunafundishwa kusema uongo kabla hatujafundishwa kuanguka. Nilisimama pale chini ya sanamu nikipigwa na jua, nikaandika kwenye daftari mstari mmoja tu: goti lilikuwa bovu. Aliyelipa, kama kuna aliyelipa, sina ushahidi naye.

Kuna mzee alikuwa akitembeza mbwa bustanini. Akauliza kama nami ni mtu wa mieleka. Nikasema nilikuwa. Akanitazama masikio, maana huku watu wa mieleka hutambuliwa kwa masikio yaliyovimba na kukunjamana, akaona yangu mazima. "Aha," akasema, "ile ya televisheni." Akaendelea na mbwa wake.

Sikumlaumu. Iowa ni mahali ambapo mwaka 2015 watu 42,287 walijaza uwanja wa mpira wa chuo kikuu kutazama mieleka ya wanafunzi. Shujaa wao ni Dan Gable, mzaliwa wa Waterloo, aliyechukua dhahabu ya Olimpiki mjini Munich 1972 bila mpinzani yeyote kupata hata pointi moja kwake, kisha akawa kocha aliyeipa Chuo Kikuu cha Iowa mataji 15 ya taifa. Makumbusho ya Waterloo yana jina lake. Kwamba jumba hilohilo limewapa nafasi watu wa ile ya televisheni ni ukarimu ambao sikuutarajia, na sharti lake ni kwamba uwe na msingi wa mieleka ya kweli kabla ya mbwembwe.

Nilirudi mashariki kwa barabara ileile namba 3, na katikati ya mahindi nikamkumbuka Kamala.

Msomaji wa Afrika Mashariki aliyetazama mieleka utotoni anamjua: Kamala, jitu la Uganda, miguu peku, mkuki, kinyago, mwezi na nyota zimechorwa mwilini. Jina lake lilikuwa James Harris na kwao ni Mississippi. Waandaaji wa mieleka wa Memphis ndio waliombuni Kamala, mwaka 1982. Alikatwa miguu yote miwili kwa sababu ya kisukari, akafariki Agosti 2020 akiwa ameambukizwa korona. Namtaja kwa sababu mwandaaji mmoja, mwaka wangu wa kwanza, aliposikia nimezaliwa Kitale alinitolea kitambaa cha madoa ya chui kutoka kwenye buti la gari. Nisiongee Kiingereza, akasema, ningurume tu. Mimi mchana nilikuwa naweka hesabu za kampuni ya bima.

Nilikivaa, maana dola arobaini ni dola arobaini. Lakini kunguruma kulinishinda, nikashika maikrofoni nikafoka kwa Kiswahili, macho nimeyatoa: "Nani ameiba kuku wa mama yangu? Leo atamtapika na manyoya!" Ukumbi ukanyamaza kwa hofu. Nyuma kabisa sauti moja ikaangua kicheko: kijana wa Eldoret aliyekuja na wenzake wa kazini. Alinifuata mlangoni baadaye. "Bro, utaniua mbavu." Usiku ule ndio nilioandika makala yangu ya kwanza, kuhusu Harris na mkuki wake.

Waterloo ni mji wa viwanda vya matrekta na nyama, mto Cedar umeupasua katikati. Ndani ya makumbusho nilikaa zaidi kwenye upande wa Thesz. Alikuwa bingwa wa dunia wa chama cha National Wrestling Alliance (NWA) kwa mara ya kwanza 1949, na Desemba 1990, akiwa na miaka 74, alipanda ulingoni Japani kupigana na Masahiro Chono, aliyekuwa mwanafunzi wake. Nimezitazama picha za uzeeni mwake. Shingo yake, ninavyoona, ilikuwa inageuka.

Jioni njaa ikanipeleka kwenye duka la Wakongo. Wako wengi Waterloo, na viwanda vya nyama vimewapa wengi wao ajira. Rafu zilikuwa na unga wa muhogo, makayabu (samaki wa chumvi), sombe (kisamvu) ya barafu, na vitenge juu kabisa. Mama mwenye duka aliposikia salamu yangu akacheka.

"Karibu, papa. Iko kazi gani imekuleta huku?"

Nikamwambia. Kijana aliyekuwa akipanga makopo akageuka haraka. "Weye ulikuwa unapiganaka catch? Ile bintu ni bya kweli ao ni bya bongo?"

Catch kwao ni mieleka, na bongo ni uongo. Nikamweleza ninavyomweleza kila mtu: mshindi anajulikana mapema, na kampuni kubwa ya mieleka, WWF, yenyewe ilikiri hivyo mbele ya Baraza la Seneti la New Jersey mwaka 1989 ili isisimamiwe kama ndondi. Lakini sakafu ni mbao juu ya vyuma, na sponji ni nyembamba. Unaangukia mgongo, kidevu umekikaza kifuani, mikono yote miwili inapiga chini pamoja na mgongo, hewa umeshaitoa. Mbao hazijui nani ameandikiwa kushinda.

Alisikiliza kwa heshima, kisha akauliza swali lililokuwa moyoni mwake, la uchawi wa ulingoni. "Na dawa ulikuwa nayo? Edingwe wa Kinshasa, ule ako na dawa."

"Asprini," nikasema. Mama akagonga meza kwa kicheko, akaniongezea pilipili bure.

Usiku kulikuwa na onyesho dogo nje ya mji, watu kama mia na hamsini, watoto wengi. Pambano la tatu, kijana wa miaka ishirini na kitu akaruka kutoka kamba ya juu, mwenzake akachelewa kumpokea, akatua kwa bega na shingo. Watu wakashangilia wakidhani ni ufundi. Mimi niliusikia mlio wake, si ule wa mbao. Akamaliza pambano, kama tunavyofunzwa.

Nilimfuata nyuma ya pazia. Nikampa vidole vyangu viwili kila mkono nikamwambia avikamue. Mkono wa kulia ulikamua mpaka nikakunja uso. Wa kushoto ulishika tu. Akauangalia ule mkono kama wa mtu mwingine.

"Yuko sawa," mwandaaji akasema kutoka mlangoni. "Ni sehemu ya hadithi ya leo. Na wewe ni mwenzetu, unajua cha kuandika."

Nilimwambia kijana aende hospitali usiku uleule, na mchumba wake akampeleka, bado amevaa buti za ulingoni. Siri ya nani atashinda nitaitunza mpaka nife. Hiyo ni kazi ya sanaa na nimeila chumvi yake. Mkono usiokamua si siri ya kazi. Niliandika nilichoona, bila jina la kijana, nikaeleza kwamba hapakuwa na daktari wala mtu wa huduma ya kwanza ukumbini.

Kesho yake, nikiwa nimesimama kujaza mafuta kabla ya mpaka, ujumbe wa mwandaaji ukaingia: nisikanyage tena kumbi zake kama mgeni wa bure. Kijana naye aliandika baadaye kwamba ni mshipa wa fahamu wa shingoni uliobanwa, daktari amempa wiki sita za kupumzika, na je, naona akirudi katika wiki ya nne kuna ubaya? Nilimpigia simu tukaongea kwa kirefu. Onyesho lao lijalo ni Septemba. Tiketi nimeshanunua.