Walumbe Anaomba Mpishi

"Baba, Walumbe alikuwa na mama?"

Mnamjua binti yangu na saa zake za maswali. Hii ilikuwa Jumapili jioni, mimi nimeshavua viatu, yeye katandaza madaftari sebuleni mpaka hakuna pa kukanyaga. Mwalimu wao kawapa kazi: chukua hadithi ya zamani, mtafute mwovu wake, halafu isimulie wewe ukiwa ndiye. Tangu mtaala mpya wa sekondari uanze 2020, kazi za namna hii haziishi. Sisi tulikariri tu nani alifanya nini, tukikosea tunachapwa.

Nusu ya darasa, anasema, wamemchukua mbwa mwitu wa yule msichana wa kofia nyekundu. Yeye hamtaki. "Yule ana njaa tu, Baba." Nikajitia msomi: nikamwambia mbwa mwitu huyo alipochapishwa Ufaransa mwaka 1697 alimla msichana na hadithi ikaishia hapo hapo, na kwamba mwindaji wa kumkata tumbo tulikuja kumkuta kwa ndugu Grimm wa Ujerumani, 1812. Hakunisikiliza. Bado alikuwa anamngoja mama wa Walumbe, yule Kifo wa hadithi ya Waganda.

Nikajibu kwamba Gulu ndiye baba, na mama hatajwi. Kisha nikanyamaza, maana pua yangu ilishanusa masizi.

Masizi ya sufuria yaliyochanganywa na mafuta ya kupikia, nimepakwa uso mzima hadi masikioni. Walukuba, mtaa wa Jinja, Uganda, 1993, darasa la sita.

Shule yetu ilikuwa na watoto wa kila kabila lililowahi kufuata kazi za viwanda Jinja: Wasoga, Wasamia, Waacholi, Walugbara, Wajaluo. Kwa hiyo mwalimu akaamua mchezo wa siku ya wazazi uwe wa Kiswahili, ingawa wazee wengi walikiona Kiswahili ni lugha ya askari na wezi. Hadithi ya Waganda, lugha ya askari, na aliyeigiza Kintu, mtu wa kwanza wa Waganda, ni Msamia. Ndiyo Walukuba hiyo.

Mimi nilipewa Walumbe kwa sababu ya wembamba wangu. Mwalimu hakuficha. Na mwaka ule wembamba haukuwa wa kuchekea, kwani Ukimwi wenyewe tuliuita silimu, na mtu akianza kupwaya ndani ya shati lake majirani walishaanza kunong'ona.

Hadithi mnaijua, naipitisha mbio. Kintu kampata Nambi, binti wa Gulu, huko juu. Baba mtu anawaambia: shukeni upesi, msirudi nyuma kwa lolote, kaka yenu Walumbe asije akajua. Njiani Nambi anakumbuka ulezi wa kuku, anarudi, Walumbe anamwona na kumfuata. Huku duniani watoto wanazaliwa. Walumbe anaomba mmoja tu amsaidie kupika. Kintu anakataa: Gulu akija kudai mtoto, nitampa nini? Hapo watoto wanaanza kufa. Kayikuzi anatumwa kumkamata ndugu yake, anamfukuza hadi Tanda, kwenye yale mashimo ya upande wa Mityana, na karibu amkamate, ila watoto wachungaji wanapiga yowe walilokatazwa, na Walumbe anazama ardhini hadi leo. Katika mchezo wetu wote huo, Walumbe alikuwa na sentensi mbili. Ya kwanza, "Nipeni mtoto mmoja anisaidie kupika." Ya pili, "Basi mtaona."

Sasa, miezi mitatu kabla ya mchezo dada yangu mkubwa alikuwa ameolewa Tororo. Aliondoka alfajiri nikiwa nimelala. Nadhani hakutaka kuniona nikilia, lakini mtoto wa miaka 12 hafikirii hivyo. Kuanzia asubuhi ile sigiri ikawa yangu: kupepea makaa, kusonga posho, kuchagua mawe kwenye maharage huku wenzangu wakicheza mpira nikiwasikia. Nilipopewa karatasi yenye sentensi zangu mbili nilizisoma mara moja tu nikamwelewa jamaa. Dada kaondoka kimya kimya, tena kwa ushauri wa baba. Nyumbani hakuna wa kupika. Unamfuata, unaomba msaada, unaambiwa hapana. Banange, mwovu hapa ni nani?

Siku yenyewe jua lilikuwa kali. Wazazi walikaa kwenye madawati yaliyotolewa nje, chini ya mwembe, akina mama na magauni yao ya gomesi, waliochelewa wamesimama nyuma. Mimi nimevaa gunia. Jasho lilishaanza kuyashusha masizi machoni. Watoto wa Kintu walikuwa sita, wamepangwa kwa urefu, na mwalimu alinifundisha kumnyooshea kidole yule wa mwisho, kadogo ka darasa la nne.

Nikanyoosha kidole. Nikasema sentensi yangu. Kintu akanikatalia vizuri kabisa, kwa sauti ya Kintu. Zamu yangu ilikuwa "Basi mtaona." Badala yake nikamgeukia Nambi.

"Dada, uliondoka bila kuniaga. Mimi nilikukosea nini? Nimekuja nakuta una nyumba, una watoto, una kuku, na mimi napika peke yangu. Mmoja tu nimeomba."

Watu wakacheka. Mzee mmoja nyuma akasema, "Kweli, mpeni!" Nikaona raha ambayo sijawahi kuiona tena jukwaani wala kazini. Nikasogea, nikamshika yule kadogo mkono.

Kwenye dawati la tatu akasimama mama mmoja. Tulimjua sote, alikuwa akikaanga samaki kando ya barabara ya Masese. Mwaka ule alikuwa amesafirisha watoto wawili kwenda kuwazika kwao. Na huyu niliyemshika mkono ndiye wa tatu wake. Nilijua. Nilijua hayo yote, lakini nilikuwa na gunia na masizi, na ujuzi ule haukuwa umefika mkononi.

Hakupiga kelele. Alisema kama anayepanga bei, "Wewe Walumbe. Nichukue mimi. Mimi najua kupika. Hao watoto hata sigiri hawajui kuiwasha."

Wachache wakaanza kucheka, wakakatiza. Jirani yake akamvuta gomesi, "Kaa chini, bambi." Hakukaa. Alikuwa ananitazama mimi, anangoja jibu, na karatasi ya mwalimu haikuwa na jibu. Masizi yaliniingia jicho la kushoto. Mkono wa yule mtoto ulikuwa mkavu, wangu unateleza kwa mafuta. Sikumbuki ni muda gani. Nakumbuka nilisema, kwa sauti ya kwangu mwenyewe, "Basi, mama, nitapika."

Mwalimu akapiga ngoma. Kayikuzi akaingia kabla ya zamu yake akanibeba. Sikuchapwa. Niliambiwa tu kwamba mchezo una maneno yake.

Yule mama alizeeka. Kila nilipotumwa samaki aliniuliza, "Mpishi umempata?" na kuniongezea kipande. Sijui hadi leo kama alikuwa amenisamehe au alikuwa ananikumbusha. Mwanawe anaendesha lori la Malaba. Tulikutana mwaka jana nikamuuliza kuhusu mchezo. Anachokumbuka ni kwamba tuligawiwa soda.

Nilimsimulia binti yangu, nikiruka jina la ugonjwa, kisha nikaona ujinga, nikalitaja. Alikuwa kimya kwa muda. Halafu akauliza jambo ambalo sikulitegemea: ni kweli Kintu mwishoni alisema Walumbe na aue, hawezi kuwamaliza kwa sababu Nambi atazaa wengine? Nikasema ndivyo inavyosimuliwa. "Kwa hiyo anawahesabu kama kuku," akasema, akafuta mstari wa kwanza wa daftari lake. Sikuona alichoandika badala yake. Aliufunika kwa mkono.

Kutoka jikoni mama yake akaita, "Baba watoto, nitumie huyo mtoto aje anisaidie kupika."

Tukatazamana. Yeye ndiye aliyeanza kucheka.

"Endelea kuandika," nikamwambia, nikaanza kutafuta ndala zangu chini ya madaftari.